Kioo Juu ya Ufa

3 Februari

Kwa Mjomba Timazi,

Shikamoo. Naanza na salamu za nyumbani, maana najua ukizikosa utaisoma barua nzima umenuna. Mimi mzima. Bibi naye mzima, anakula, anasema sana. Anataka nikuandikie kwamba macho yake hayaoni lakini masikio yanakusubiri, na kwamba lile blanketi ulilomwachia linawasha. Nilimwambia ni jipya, atalizoea. Akajibu kwamba ndivyo ilivyo siku zote, yeye ndiye wa kuzoea, blanketi halijisumbui.

Cherehani zinakwenda. Sare za shule zimeisha, sasa nabadilisha zipu na kupunguza suruali za watu waliokonda. Jirani wa kibanda cha fremu za picha na vioo, yule Milimita, anakusalimu. Bado anapima kila kitu, juzi kanipimia hata upana wa kivuli changu mlangoni kwake.

Sasa yetu. Kioo chako kipo. Kila Jumapili nikishafagia chumba cha nyuma nakikagua kama ulivyoamuru. Napitisha kidole katikati, hakuna alama, na tarehe uliyoandika kwa penseli pembeni ulipokuja likizo bado inasomeka. Ufa wenyewe uko palepale, kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, nyuma ya kitanda cha Bibi.

Kiwanda cha sare kimenijibu. Wananitaka niwe msimamizi wa chumba cha ushonaji, Mjomba. Cherehani arobaini! Mshahara wa kila mwezi na nyumba ya kukaa, vyumba viwili. Msimamizi wa sasa anastaafu, kwa hiyo wananingoja hadi mwanzo wa Desemba, si zaidi. Na Bwana Afya, yule mkaguzi wa vyoo, bado anataka kupanga hapa kwetu, ila amesema wazi hawezi kulaza watoto wake chini ya ukuta wenye ufa. Simlaumu.

Basi mambo ni yaleyale tuliyopanga: mkataba wako unaisha mwisho wa Novemba, unakuja na kiinua mgongo, unakiongeza kwenye fungu la nyumba, unaubomoa ukuta wa nyuma na kuujenga upya toka msingi, Bwana Afya anaingia, mimi na Bibi tunapanda gari. Nimeirudia kichwani hadi inanikera. Nina miaka thelathini na sita na hati ya nyumba yenye jina langu, na siwezi kutoka kwenye mtaa huu hata nikitaka.

Hawala ya mwezi huu nimeituma. Si nyingi, iweke hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Sindano


26 Februari

Sindano,

Marahaba mpwa wangu. Hapa tuko salama, vumbi tu. Jengo limefika ghorofa ya pili na msimamizi wetu amenunua kofia mpya, basi anaamini ameongeza na akili. Mwambie mama yangu blanketi lile nililinunua kwa siku tatu za kazi, aliwashe na yeye.

Kwanza hongera. Cherehani arobaini! Marehemu dada yangu alianza na moja isiyo na mkanda, akiizungusha kwa mkono. Angekuwepo angetangaza mtaa mzima, na wewe ungejificha chooni.

Sasa sikiliza, nakurudia japo utasema nimezeeka. Kile kioo nimekigandisha kwa saruji pande zote mbili za ufa. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa ukucha, kinakatika. Saruji inaweza kunyamaza, lipu inaweza kunyamaza, rangi ndiyo inadanganya kabisa, ila kioo hakijui kuficha. Kikiwa kizima, ufa umelala, na sisi tuna nafasi ya kujikusanya. Kikivunjika, siku hiyohiyo uniandikie. Mimi kesho yake niko kwenye gari na mwiko wangu, na kiinua mgongo kiende zake. Anayeondoka kabla ya Novemba hapati hata senti, hiyo naijua, nimesaini. Lakini mama yangu analala chini ya ukuta ule.

Na fungu ni la ukuta. Si la kiatu, si la sukari, si la arusi ya mtu. Ndiyo maana nililitoa humo ndani nikaliweka kwenye kitabu changu cha posta. Hela ya nyumba ikilala ndani ya nyumba inaota miguu. Mimi naongeza nilichobakiza, wewe ongeza ulichobakiza, na hakuna anayeligusa hadi kioo kiseme.

Msalimie Milimita. Mwambie mimi napima kwa jicho na nyumba zangu zimesimama.

Mjomba wako

(Ukuta ule si mimi niliyeujenga, usisahau. Mimi nilijenga ule wa mbele.)


29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kioo kimevunjika.

Nimekikuta asubuhi hii nilipovuta kitanda nifagie. Kimekatika katikati, na kipande cha kulia kimekaa juu kuliko cha kushoto kwa unene wa sarafu. Bibi alikuwa amekaa kitandani, akaniuliza mbona ufagio umenyamaza.

Uliniambia siku hiyohiyo, na mimi nakuandikia siku hiyohiyo. Ila nimekaa hapa na kalamu tangu saa tatu. Ukishasoma hii utakuwa kwenye gari, na miaka yako mitatu huko itabaki huko. Imebaki miezi minane. Miezi minane tu, Mjomba, ukuta umesimama miaka ishirini, hauwezi kutusubiri mi

[Barua hii haikumalizwa, wala haikupelekwa posta.]


2 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na vumbi lako. Sisi wazima. Mvua zimeanza, kwa hiyo wateja wamepungua, mtu hakumbuki zipu akiwa amelowa.

Bibi nimemhamishia chumba cha mbele. Anapenda kusikia watu wakipita, na mimi naona ni vizuri awe karibu na cherehani zangu. Kitanda kimeingia kwa shida, sasa mteja akija kupimwa inabidi avue viatu apande juu yake. Mama mmoja mnene kacheka hadi futi imemdondoka shingoni.

Kioo ni kizima. Kinang'aa.

Nilitaka kukuuliza jambo moja, la kujua tu: mtu akichanganya saruji kidogo sana, ya kijiko kimoja au viwili, mchanga unakuwa kiasi gani? Milimita anataka kuziba tundu kibandani kwake.

Usije kabla ya Novemba kwa ajili ya salamu. Kaa umalize.

Sindano


20 Juni

Kwa mpwa wangu Sindano,

Habari za siku nyingi. Usishtuke na mwandiko, nimeumia kidole kidogo, sasa naandikiwa na jirani yangu wa kitanda. Ni mtu mwema, alikuwa karani, ana maneno mengi kuliko mimi, namzuia.

Barua yako ya Aprili niliipata nikaiweka, kazi zikanizidi. Mchanga wa Milimita uwe mara tatu ya saruji, na alowanishe ukuta kwanza, maana yeye ni mtu wa mbao na wa mbao hawajui maji.

Mama yangu yuko vipi hasa? Na kwa nini kahamishwa? Miaka yote hiyo hakuwahi kutaka kusikia watu wakipita, alikuwa anawafukuza dirishani.

Nina swali, na nijibu bila kuzunguka. Kioo ni kizima? Nataka kujua kama fungu lina haraka au halina. Kama kioo ni kizima basi fungu halina haraka, sivyo? Kuna wakati mtu hujikuta anataka kulipanga jambo vizuri. Nijibu upesi kidogo.

Mjomba wako

(Mimi niandikaye nakusalimu pia, dada. Mzee wako ni mkali lakini anatuchekesha sote humu.)


5 Julai

Kwa Mjomba,

Shikamoo, na pole ya kidole. Karani wako ana mwandiko mzuri, mweke. Bibi amefurahi kusikia habari zako, kisha akauliza kidole gani kinachomnyima mtu kuandika miezi mitatu. Nikamwambia cha kati. Muhuri wa posta juu ya bahasha si ule wa siku zote, lakini najua ukitaka kuniambia kitu utaniambia.

Umeuliza nijibu bila kuzunguka. Kioo ni kizima. Fungu halina haraka.

Nikuambie na mengine, kwa sababu sina wa kumwambia. Nimechoka na nyumba hii, Mjomba. Mlango wa chumba cha nyuma umeanza kugoma, hadi niusukume kwa bega. Ni mvua tu, mbao zimevimba. Dirisha la humo nalo limekwama, halifunguki wala halifungi sawasawa. Nikienda hata kibandani kwa Milimita nawaza nyumba. Nikiwa nyumbani nasikiliza ukuta, nashona mshono mmoja nasimamisha cherehani nisikie, nashona mwingine. Mwezi uliopita kiwanda kiliniita siku mbili nikaone kazi. Sikwenda. Nilisema Bibi anaumwa. Ningemwacha na nani humu?

Watu wanasema una bahati, una nyumba yako, hupandishiwi kodi. Wanasema kweli. Mpangaji akichoka anafunga virago. Mimi nina hati kwenye sanduku la bati na siwezi kuuza, nani atanunua ufa? Siwezi kupangisha, siwezi kuhama. Na usianze na ile methali yako, naijua, mtaa mzima umeshanikumbusha.

Basi. Nimesema, nimepumua. Hawala ya mwezi huu imo njiani. Novemba si mbali.

Sindano


30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu ukihesabu na ile kadi. Sisi wazima, kama unataka kujua.

Bwana Afya alikuja kuangalia nyumba. Nilimwonyesha chumba cha mbele, jiko, uani. Akataka kuona cha nyuma, nikamwambia ufunguo umepotea. Mlango ule hauna hata kitasa, Mjomba, na yeye alikuwa amesimama mbele yake. Akauliza choo kilichimbwa mwaka gani.

Kiwanda kimeandika tena. Wanataka jibu la mwisho kabla ya katikati ya Oktoba.

Kioo kizima. Niandikie hata mstari mmoja, au mwambie karani wako aandike.

Sindano


14 Septemba

Mpwa wangu,

Leo naandika mwenyewe, utaona mistari inavyoshuka. Barua zako zote ninazo. Nimezifunga kwa uzi, kila siku nasema kesho nitajibu.

Si kidole. Nilianguka tarehe tisa Mei, kutoka jukwaa la ghorofa ya pili. Ubao mmoja haukufungwa vizuri, ukageuka. Wenye kazi wakauliza nani aliyeufunga, na mimi nikasema kweli, niliufunga mimi. Miaka thelathini nimewagombeza watu kwa mbao zisizofungwa, Sindano, nimewahi kumfukuza mtu kazi kwa ajili hiyo. Asubuhi ile nilikuwa na haraka.

Paja limevunjika mahali pawili. Nilikaa wodini hadi mwisho wa Julai, na tangu hapo niko kwenye chumba cha kupanga nyuma ya hospitali, na karani jirani yangu, maana naye miguu haimfikishi kwao. Mkataba walinikatia Juni. Kiinua mgongo hakuna, hakijafika muda wake. Usiwaandikie, nimeshawaandikia, karatasi ni ile niliyosaini.

Sasa lile lililonifunga mdomo. Katikati ya Juni daktari alisema mfupa haujaunga, lazima utiwe chuma, nacho kilikuwa cha kununua. Nilikaa siku nne nakataa. Nikasema fungu ni la ukuta, na mama yangu yuko humo. Ndipo nilipokuandikia ile ya Juni kukuuliza kioo. Ulipojibu ni kizima nilishukuru kwa sauti hadi wodi nzima ikaniangalia. Nikatoa ya chuma. Baadaye nikatoa ya chumba, na ya chakula, na ya dawa, na kila nilipotoa niliifungua barua yako nikasoma tena: kizima, halina haraka. Nikasema ukuta umelala, nitarudisha kabla haujaamka.

Fungu limekwisha, Sindano. Imebaki nauli. Hawala zako nne za mwisho nimezila mimi, na ulizituma huku unashona kwa mkono mmoja na kusikiliza ukuta kwa sikio jingine. Nimeona aibu kuliko nilivyoona maumivu. Angalau kioo ni kizima. Hilo ndilo linalonilaza.

Mjomba wako


16 Septemba

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Bado hujajibu, na sasa sitasubiri jibu. Fungua kitambaa kilichomo humu taratibu, kina makali.

Ni vioo, Mjomba. Cha kwako na vinne vyangu. Cha kwako kilivunjika tarehe 29 Machi. Nilianza kukuandikia siku hiyohiyo, barua ninayo sandukuni hadi leo. Nikakumbuka kiinua mgongo chako, nikaenda kwa Milimita kununua kipande kingine. Ile saruji ya vijiko viwili ilikuwa yangu. Kila kimoja kilipovunjika nilinunua kingine. Milimita aliniuliza kama nawajengea panya dirisha. Nilicheka, kisha nikalia mbele yake, tangu siku hiyo hanitozi. Kila kipande nimekiandika tarehe, na mshale kuonyesha upande uliopanda, kwa sababu wewe ulinifundisha kuandika.

Kila barua niliyokuandikia kioo ni kizima, kilikuwa kizima kweli. Kilikuwa kipya.

Jumamosi mchana nilikuwa nashona mbele, nikasikia kishindo. Tofali sita na lipu yake vimeanguka juu ya mahali kilipokuwa kitanda cha Bibi. Kwenye ufa sasa mkono wangu unapita, naiona nguo ya jirani kambani. Bibi hajaguswa. Nilipomweleza yote, akaniambia alijua tangu mwezi wa tano. Huwa anapitia chumba cha nyuma akienda chooni, anapapasa ukuta, na kioo cha mwanawe kilikuwa butu pembeni, hiki kikamkata kidole. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Nilidhani mmekubaliana."

Sasa njoo. Kiinua mgongo tukiache, nilikosea kukililia. Njoo na fungu lote, tununue saruji wiki hiyohiyo, bado tunaweza kumaliza kabla ya Desemba. Nisamehe. Njoo na fungu.

Sindano


12 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Niliisoma ya kwako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini, kwenye vumbi la lipu.

Nimekasirika. Nakuambia wazi, maana ya kufichana tumeshaona yalikotufikisha. Nimekasirika kwamba ulilala wodini miezi mitatu nami nakutania kuhusu kidole cha kati. Ungeniambia ningekuja hata kwa miguu. Fungu silililii, fungu la ukuta limeshika mguu wako, vyote vilihitaji kusimama.

Lakini hasira hiyo ilikwisha jioni ile, na baada yake kuna jambo limenikaa kifuani haliondoki. Ningepeleka ile barua ya tarehe 29 Machi, ungekuwa kwenye gari wiki ile. Tarehe tisa Mei ungekuwa hapa uani, miguu yote miwili chini, unanitukana kwamba mchanga ni mwingi. Usingepanda jukwaa lolote. Mimi ndiye niliyekuweka kule juu, Mjomba. Kwa kipande cha kioo cha bure. Nililinda kiinua mgongo, nikakuvunja wewe.

Kiwanda nimewaandikia jana. Mistari mitatu: asanteni, sitaweza, nawatakia kazi njema. Mwanamke wa posta aliniuliza bahasha iende ya kawaida au ya haraka. Nikamwambia ya kawaida, haina haraka.

Milimita ameleta miti minne, ameegemeza ukuta kwa ndani. Kapima kila mti mara tatu. Bwana Afya amepata nyumba nyingine. Bibi anakuuliza unaweza kupanda ngazi mbili za mlangoni, au nazo tuzitengeneze.

Njoo ukae hapa. Huko unalipia chumba cha nini? Sijui tutakula nini wala tutajenga kwa nini. Nina cherehani mbili na mikono. Utakaa kwenye kiti uani na fimbo yako, utaniambia, mimi nitashika mwiko.

Sindano


30 Oktoba

Sindano,

Marahaba. Bahasha yako niliifungua na karani. Tulivipanga vile vipande mezani kwa tarehe zake, nusu kwa nusu.

Kwanza ile hesabu yako ya tarehe 29 Machi na tarehe tisa Mei. Itupe. Ubao niliufunga mimi, kwa mikono hii, na haraka ilikuwa yangu. Usinipokonye kosa langu, ndicho kitu pekee nilichotoka nacho pale. Nami niliuona muhuri wa maneno yako pia, mpwa wangu: mama kuhamishwa, mchanga wa vijiko viwili, kioo kinang'aa. Mwashi wa miaka thelathini haulizi kwa nini kioo kinang'aa mwezi wa mvua? Nilijua cha kuuliza, sikuuliza, kwa sababu nilihitaji kiwe kizima.

Sasa kazi. Mishale yako yote mitano inaonyesha kitu kimoja, upande wa kulia uko juu. Yaani haupandi, ni wa kushoto unaozama. Ukuta hauna ugonjwa kote, ni kona ya kushoto, pale maji ya paa yanapomwagikia. Hatuna haja ya kubomoa wote. Tutachimba chini ya kona, kidogo kidogo, hatua moja kwa siku, tukijaza zege. Ni kazi ya mifuko kumi na miwili, siyo hamsini. Hata hiyo hatuna, najua. Tutanunua mfuko mmoja mmoja. Kwa leo chimba mfereji, maji ya paa yaende mbali na kona ile.

Lakini tazama na tarehe. Cha kwanza kilikaa miezi miwili na zaidi, cha pili siku arobaini na tisa, cha tatu arobaini na sita, cha nne arobaini, cha mwisho ishirini na sita. Weka kingine leo. Sasa hivi, kabla hujamaliza barua hii. Na cha sasa usinifanyie ujanja.

Daktari ananiangalia tarehe kumi na tisa. Ishirini napanda gari, akipenda asipende. Ngazi mbili naziweza nikishikwa.

Mjomba wako


13 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Kioo kimevunjika.

Nilikiweka tarehe tano, siku nilipopata barua yako, chini karibu na sakafu ambako ufa bado ni mwembamba. Nimekikuta saa moja na nusu asubuhi hii. Siku nane. Upande wa kulia uko juu, kwa unene wa sarafu mbili. Mfereji nimeuchimba, lakini mvua ya jana imeujaza.

Bibi nimemtoa, yuko kibandani kwa Milimita, amekaa katikati ya fremu tupu anauliza nani hawa wanaomzunguka. Mimi nimerudi kuchukua cherehani. Mfuko mmoja wa saruji nimenunua, uko jikoni, juu ya meza, usiloe.

Nakuandikia siku hiyohiyo, kama ulivyoniambia. Milimita amesimama mlangoni anaisubiri barua aikimbize posta. Kakataa kuingia ndani.

Sindano